Sura ya Nne: Ndoo ya Mwalimu Wabwile

Mtu akiibiwa ng'ombe hupiga ukemi, na kijiji kizima kikafuata nyayo. Akiibiwa simu hutukana mbingu na ardhi, kisha akatafuta nyingine. Lakini idara ya anatomia ikiibiwa ubongo, hakuna anayejua aanzie wapi. Ndivyo Inspekta Joy Nabwile alivyowakuta Jumatatu hiyo asubuhi katika chuo kikuu kimoja nje kidogo ya mji wa Kitale: watu wazima wenye shahada tatu tatu, mikono viunoni, wameizunguka ndoo.

Ilikuwa ndoo nyeupe ya plastiki, ya aina ile ya rangi ya ukuta. Kifuniko kilikuwa kimelazwa kando taratibu, kana kwamba aliyekifunua alikusudia kurudi kukifunika. Dawa iliyokuwa ndani, fomalini, ilikuwa imepungua ikabaki nusu, na harufu yake ilimtoa Nabwile machozi kabla hajauliza swali hata moja.

"Msiguse kitu," alisema, akifuta macho.

"Tumeshagusa kila kitu," akajibu Profesa Ngige, mkuu wa idara, mtu mfupi mwenye koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likaweza kusimama lenyewe. "Tumetafuta tangu alfajiri. Inspekta, huu ndio ubongo wa kwanza tuliopewa na familia ya huku kwetu kwa hiari yake. Wa kwanza! Habari hii ikifika sokoni, hakuna mtu atatupa hata ukucha."

Sajini Kipkemei, msaidizi wake, alikuwa amebaki mlangoni. Alidai anaulinda. Mtu huyu aliwahi kuwafukuza wezi wa mifugo kwenye miteremko ya Cheptais, akawatia pingu peke yake na kurudi kituoni akicheka, lakini zile meza ndefu zilizofunikwa kwa plastiki zilimtoa jasho. Nabwile alimpenda kama mdogo wake wa tumbo moja, kwa hivyo hakumlazimisha kuingia. Angemtania baadaye.

Alimgeukia mwanamke aliyesimama karibu zaidi na ndoo, ambaye hakuwa amefungua kinywa. Huyu alikuwa Daktari Linah Chepkorir, mzaliwa wa Kapsokwony na mtafiti wa magonjwa ya kusahau. Uso wake ulikuwa uso wa mtu ambaye hajalala.

"Daktari, nieleze kama unavyomweleza mtoto. Ubongo ulikuwa umekaaje humu?"

"Haukukaa. Ulining'inia." Linah alisogeza ndoo ya jirani na kuifunua. Juu ya mdomo wake kililala kijiti cha mwanzi, na uzi mweupe uliofungwa katikati ya kijiti ukashuka na kuzama ndani ya dawa. "Ubongo mbichi ni laini sana, Inspekta. Ukiulaza chini ya ndoo, uzito wake wenyewe unaubonyeza, unakuja kuganda ukiwa bapa upande mmoja. Kwa hivyo tunapitisha uzi chini ya mshipa fulani wa damu, tunaufunga kwenye kijiti, na ubongo unaelea juu chini bila kugusa popote. Wiki tatu hivi, umeshakuwa mgumu kama yai lililochemshwa. Hapo tunauteremsha, tunauosha, na tunaukata."

"Na huu ulikuwa wa nani?"

"Hatutaji majina," Profesa Ngige akadakia. "Hiyo ndiyo kanuni yetu. Tuna nambari tu."

"Profesa, mimi siwezi kwenda kijijini kuulizia nambari."

Linah ndiye aliyejibu. "Mwalimu Bramwel Wabwile, wa Bumula. Alinifundisha baiolojia."

Kisha, kidogo kidogo, akasimulia. Mwalimu Wabwile alikuwa amestaafu wakati alipoanza kupotea njia ya kwenda kanisani, kanisa lilelile alilolijenga kwa mikono yake. Siku moja, akili ikiwa bado inakuja na kuondoka, alifunga safari mpaka Kitale akamkalisha Linah chini kama enzi zile za darasani. Akamwambia: Linah, kuna mtu anafuta ubao wangu huku ndani. Nikishakufa, fungua uangalie ni nani. Usiwache mpaka umejua.

"Nikamwahidi," Linah alisema. "Alipofariki, familia ilikubali. Mwili ulizikwa Bumula, na sisi tukapewa ubongo. Sasa akikaa nje ya dawa siku chache tu..." Alisita. "Ukikaa, nataka kusema. Utakauka, utaota ukungu, na hadubini haitaona kitu. Nitakuwa nimempoteza mara mbili."

Nabwile alisikia lile "akikaa" na akaliweka akiba. Alikuwa na mazoea ya kutoandika chochote mbele ya watu, kwa sababu mtu akiona kalamu hunyoosha maneno yake. Akauliza ni nani waliopita hapo mwishoni mwa wiki.

Kumbe Ijumaa kulikuwa na ibada ya shukrani. Chuo kilizialika familia zote zilizotoa miili ya wapendwa wao kwa ajili ya masomo. Kasisi aliomba, kwaya ikaimba, wanafunzi wakasoma risala za kushukuru, kisha wageni wakatembezwa maabara na kwenda kunywa chai hemani. Mlango ulikuwa wazi muda wote huo. Mpaka leo asubuhi, hakuna mtu aliyekuwa na sababu ya kuinua vifuniko.

"Walijua ndoo ipi ni ya nani?"

"Hapana," Linah alijibu haraka, macho yake kwenye bomba la maji. "Zina nambari tu."

"Inspekta, tusizunguke." Profesa Ngige alishusha sauti. "Cheruiyot, fundi wetu wa maabara, alionekana Ijumaa akitoka humu na kitu amekificha ndani ya koti. Kitu cha mviringo. Mimi sitaki kumdhania mtu mabaya, lakini mkamateni."

Cheruiyot aliitwa. Alikuwa mrefu, mpole, na alisimama palepale kizingitini.

"Ijumaa ulibeba nini ndani ya koti?" Nabwile alimuuliza.

"Maziwa, madam."

"Maziwa gani?"

"Mursik, ya mgando. Kibuyu kimoja. Mama alinitumia, ya wageni wa ibada."

"Sasa maziwa ya wageni unayafichia nini?"

Cheruiyot alitazama sakafu. "Kwa sababu ya mahali yalikuwa. Jikoni friji iliharibika, madam. Nikayaweka kwa friji ya hapa."

Macho yote yalielekea ile friji ya pembeni, iliyobandikwa picha ya fuvu na onyo la herufi nyekundu, kisha yakahamia kwa Profesa Ngige, ambaye Ijumaa alikunywa vikombe viwili, akaomba cha tatu, na kuhutubia meza nzima juu ya utamu wa maziwa ya asili. Profesa akatoa kitambaa na kupangusa midomo yake kwa muda mrefu.

Mlangoni, Kipkemei aligeuka nje akikohoa. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

"Sawa, Cheruiyot, enda," Nabwile alisema, akijikaza asicheke. "Daktari, jambo moja. Kwenye hii ndoo mlitumia kijiti gani?"

"Rula. Rula ya mbao, ya shule. Niliona inamfaa."

"Iko wapi?"

Walitafuta juu ya meza, chini ya meza, ndani ya sinki. Rula haikuwepo, wala kipande cha uzi.

"Rula?" Profesa alipata sauti yake tena. "Tumepoteza ubongo wa mtu, na wewe unatafuta rula?"

"Mwizi ameacha ndoo ambayo ingemsaidia kubeba," Nabwile alisema. "Akachukua rula ambayo haina kazi naye. Mimi ningependa kujua kwa nini. Na nikimpata huyo mtu, profesa, huo ubongo kisheria ni mali ya nani?"

"Ni..." Profesa alikunja uso. "Kwa makubaliano yetu, familia ina haki ya kubadili nia hadi dakika ile kisu kitakapogusa. Nilisisitiza hivyo mimi mwenyewe, ili watu wasituogope. Lakini hakuna aliyetuambia kwamba amebadili nia!"

"Na katika familia kuna aliyekuwa hataki?"

Linah aliitikia kwa kichwa. "Tonny. Mdogo wake Mwalimu. Kwenye matanga alisimama mbele ya watu wote akasema Wabwile hazikwi nusu, na kwamba atakuja kuchukua kichwa cha ndugu yake hata kama ni kwa panga."

Kipkemei alikuwa ameshaanza kuelekea kwenye gari. Yeye alifurahi kuondoka pale hata kama safari ingekuwa ya kwenda jehanamu, seuze Bumula.

*

Walipita Kimilili na Chwele, na njia nzima Kipkemei alikuwa na uhakika.

"Ni huyo Tonny, madam. Ameuzika kando ya kaburi. Mtu akitishia na panga mbele ya watu wote, huyo si mtu wa kubahatisha."

"Na rula ameifanyia nini? Amepima kaburi?"

"Si aliichukua tu kwa haraka, bana."

Nabwile alikuwa akitazama nje. Alizaliwa kilomita chache kutoka boma wanaloliendea, na kila wakikaribia, barabara ilizidi kumpa habari za zamani: huku ndiko alikokuwa akienda kusaga mahindi, pale ndipo bibi yake alipouza mboga. Alijisikia kama mtu anayerudi nyumbani na kuona aibu kwamba amevaa sare.

Tonny Wabwile walimkuta shambani akipalilia maharagwe. Alikuwa mzee mwenye kifua kipana na ndevu nyeupe, na aliwaona kabla hawajafunga milango ya gari.

"Mulembe, baba," Nabwile alimsalimu kwa adabu.

"Mulembe, mukhana," mzee akaitikia kama anayemjibu binti yake. "Wewe ni wa nani?"

Akamtajia ukoo wake. Uso wa mzee ukalegea kidogo, kisha ukakaza tena alipoelezwa kilichowaleta.

"Umepotea? Kichwa cha ndugu yangu kimepotea?" Jembe lilimtoka mkononi. "Nirisema! Nirisema mbere ya watu!"

"Ndiyo sababu tumekuja kwako kwanza. Ijumaa ulikuwa ibadani Kitale?"

"Sikuenda. Nirikataa kwenda. Arienda shemeji peke yake, na basi ya kanisa."

Kipkemei alikuwa amesogea mpaka kwenye kaburi lililokuwa nyuma ya nyumba kubwa. Akaita kwa sauti ya ushindi. Ubavuni mwa kaburi kulikuwa na udongo mbichi, umefukuliwa na kurudishiwa, na juu yake pamefunikwa nyasi na kumwagiwa maji.

"Mzee, nini imezikwa hapa?"

"Hakuna kitu imezikwa."

"Basi tutachimba."

"Chimba," Tonny alisema, akikunja mikono kifuani. "Rakini utarudisha."

Kipkemei alivua koti akachimba kama mtu aliyeahidiwa cheo. Kwa pigo la tatu mche mdogo uliruka nje na mizizi yake. Kwa pigo la sita hakukuwa na kitu kingine ila udongo mwekundu na nyungunyungu mmoja aliyekerwa. Sajini alisimama na ule mche mkononi, hajui auweke wapi.

"Ni mti," Tonny alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nimempandia ndugu yangu kivuri. Yere ya matanga irikuwa hasira tu, mukhana. Ningefanya nini? Arikuwa anasahau jina ya kira mtu, rakini yangu hakusahau. Ariniita Tonny mpaka siku ya mwisho. Sasa unaambiwa anafunguriwa kichwa. Wewe ungenyamaza?"

"Singenyamaza, baba," Nabwile alikiri.

"Panda mti wangu," mzee akamwambia Kipkemei. Sajini akapiga magoti, akaupanda tena kwa mikono miwili, akaomba maji ya kumwagilia, akaomba na msamaha.

Nabwile aliwaacha wakielewana, akatembea peke yake kupita migomba hadi mpaka wa boma. Alikuwa akiwaza juu ya basi la kanisa na shemeji aliyekwenda peke yake, na alikuwa hapendi mahali mawazo hayo yalikokuwa yanaelekea. Hapo, kando ya kijia na mbali kabisa na jikoni, akaona jivu.

Lilikuwa jivu kidogo tu, la moto wa kiganja. Kila boma la huku lina shimo lake la takataka karibu na jiko. Hakuna mtu anayebeba takataka kuja kuzichomea mpakani. Alichutama na kuligusa kwa ncha ya kijiti. Ndani yake kulikuwa na kipande cha mbao kilichoungua kikabaki urefu wa kidole, na juu yake tarakimu bado zinasomeka: ishirini na nane, ishirini na tisa, thelathini.

Nabwile alikaa pale amechutama mpaka magoti yakamuuma. Alikuwa msichana wa darasa la nne wakati mtu mmoja wa kijiji chao alipokutwa ananing'inia kwenye mti nyuma ya zizi. Alikumbuka jinsi watoto walivyofungiwa ndani. Alikumbuka kwamba hapakuwa na wimbo wala hotuba katika maziko yale, na kwamba kabla jua halijazama wazee waliukata ule mti, wakauchoma pamoja na kamba, huko mpakani, ili jambo lile lisirudi tena katika nyumba. Mtu aliyekufa kwa kamba haliliwi kama wengine. Kila mtu wa Bumula anajua hivyo, na hata yeye alijua. Asubuhi alikuwa amesimama kando ya ndoo, akaambiwa na daktari kwa Kiswahili safi kwamba Mwalimu Wabwile amening'inizwa kwa uzi, na alisikia kama polisi tu. Alijiona mpumbavu wa kupindukia.

Akatoa simu.

"Daktari Linah. Ulimwonyesha mjane ndoo."

Upande wa pili pumzi ikavutwa. "Alinishika mkono akaniuliza, Mwalimu yuko wapi? Inspekta, ningemwambia nini? Kwamba ni nambari?"

"Njoo Bumula. Njoo sasa hivi, na ubebe dawa yako."

*

Mama Rosaline, mjane wa Mwalimu, alikuwa amekwisha kuandaa chai. Alikuwa mama mwembamba, mwenye kitambaa cheupe kichwani na miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, na alimkaribisha Nabwile sebuleni kana kwamba walikuwa wamepanga.

"Nilijua mtakuja. Nilidhani watatuma mwanaume. Kunywa kwanza, mwanangu, umetoka mbali."

Nabwile alikunywa. Huwezi kuingia nyumba ya watu wa kwenu ukakataa chai halafu ukauliza maswali, hata kama serikali imekutuma. Juu ya kabati la vyombo, katikati ya picha za wajukuu, kulikuwa na chupa kubwa ya kioo yenye mdomo mpana, imefunikwa leso. Macho yake yalifika pale yakagoma kutoka.

"Ndiyo yeye," Rosaline alisema. "Ile chupa alikuwa anawekea nyoka wa kufundishia kidato cha pili. Nyoka nimemzika."

"Mama, niambie ilivyokuwa."

"Nilienda kumsalimia tu. Wengine walipoenda kunywa chai, nikarudi peke yangu. Nikafungua ile ndoo aliyonionyesha Linah, nikasema, Mwalimu, ni mimi." Aliivua miwani na kuishika magotini. "Nikamkuta amenyongwa. Kichwa chini, kamba imempita, ananing'inia kwa ile rula. Mwanangu, Mwalimu hakufa hivyo. Alikufa kitandani kwake, mkono wake ndani ya mkono wangu. Tulimwimbia. Tulimlilia siku zote zinazotakiwa. Sasa ati anyongwe baada ya kufa, na mimi nikiwa hai? Watoto wake wangebeba hiyo kitu mpaka lini?"

"Ukamfungua."

"Nikamfungua. Nilikuwa nimekuja na chombo cha chapati za ibada, kilikuwa kimebaki tupu. Nikamlaza humo, nikateka na dawa, maana hiyo miaka yote nimeishi na vyura wake na panzi wake, sijaona kitu kikikaa bila dawa. Kamba na rula nikachoma kule mpaka. Basi." Alimtazama Nabwile moja kwa moja. "Nimeiba?"

Swali hilo lilimkuta Nabwile akiwa na kikombe mdomoni. Alikuwa amewakamata watu wengi katika kazi hii, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza akiwa anataka kweli kujua.

"Hapana, Mama. Makubaliano yenu yanasema ni wenu mpaka kisu kiguse. Ukitaka kumzika hapa leo, hakuna wa kukuzuia, wala mimi. Ila kuna mtu anakuja, na ningependa umsikie kabla hujaamua."

Linah alifika mchana, amejiendesha mwenyewe, koti la maabara bado mwilini. Aliingia, akaiona chupa, akainua leso kwa vidole viwili. Ubongo ulikuwa umelala juu ya pamba, umezama salama ndani ya dawa. Hakuna mahali ulipobonyea. Daktari alikaa chini sakafuni, palepale miguuni pa Rosaline, akalia bila kujificha.

"Ni kosa langu, Mama. Alitakiwa kuteremshwa zamani. Wiki tatu zinatosha, na mimi nimemwacha hapo miezi. Kila Jumatatu nilikuwa nasafisha kisu, na kila Jumatatu nakirudisha kabatini. Nawaambia wenzangu bado, bado hajawa tayari. Alikuwa tayari. Mimi ndiye siwezi. Yule mtu alinifundisha kushika wembe wa kupasulia chura, ananishikilia kiwiko hivi. Nitamkataje?"

Nabwile aliinama na kujifanya anachunguza majani ya chai katika kikombe kisicho na majani. Sasa alielewa kwa nini lilikuwa "akikaa" na si "ukikaa".

Nje, Tonny alisikika akimwelekeza Kipkemei namna ya kuzungushia mche miiba ili mbuzi wasiule.

"Linah," Rosaline akasema mwishowe. "Ile miaka miwili ya mwisho, Mwalimu hakunijua. Jina langu lilitoka likaenda. Alikuwa ananiita Madam, alifikiri mimi ni mwalimu mgeni nimeletwa shuleni. Lakini unajua alifanya nini?" Alicheka, na machozi yakashuka ndani ya kicheko. "Alinichumbia. Upya kabisa! Ananiletea ua la malenge, ananiuliza kwetu ni wapi, kama baba yangu ni mkali. Nikakubali. Kesho yake amesahau, ananichumbia tena. Nimechumbiwa na yule mtu mara nyingi kuliko mwanamke yeyote wa Bungoma hii."

Rosaline alipangusa macho kwa ncha ya kitambaa chake.

"Sasa mimi nataka kukuuliza, wewe uliyesoma. Jina langu lilifutwa, sawa. Hiyo ingine haikufutwa. Inakaa wapi?"

Linah alifuta uso kwa mkono wa koti. Angeweza kumtajia sehemu tano za ubongo kwa majina marefu, na Nabwile alimwona akiyafikiria yote na kuyaacha.

"Sijui, Mama," alisema. "Hakuna anayejua vizuri. Ndiyo nataka kutafuta."

"Bila kamba?"

"Bila kamba. Wakija wengine wa huku, nitatafuta njia nyingine, nitawalazia pamba nyingi, nitawageuza kila siku kwa mkono wangu kama nageuza mtoto. Nakuapia."

Rosaline alivaa miwani yake, akasimama, akaichukua chupa kutoka juu ya kabati. "Twende basi. Nitampeleka mimi mwenyewe. Na sitoki huko mpaka nimekuona umeanza, kwa sababu nikikuacha peke yako utarudisha kisu kabatini."

Alikataa gari la Linah kwa sababu lilikuwa dogo na lilikuwa na haraka. Alipanda gari la polisi, chupa mapajani ndani ya leso. Kipkemei, ambaye asubuhi ile hakuthubutu kuvuka kizingiti, alisimama kwenye mlango wazi akiitazama ile leso. Kisha akapiga moyo konde, akainama, akavuta mkanda wa kiti na kumfunga mama pamoja na chupa yake, akahakikisha umeshika.

"Nitaendesha polepole, Mama."

"Mashimo ya Chwele uyaogope," Rosaline akamwambia.

Walipofika Kitale jua lilikuwa bado lina nguvu madirishani. Profesa Ngige aliwapokea na maswali yake yote: nani amekamatwa, kesi inasomwa lini. Nabwile alimkumbusha neno kwa neno alichosema asubuhi kuhusu haki ya familia, akamwambia kwamba mwenye mali alikuwa amempeleka mzee wake nyumbani mwisho wa wiki, na sasa amemrudisha. Profesa alifungua kinywa, akamwona Rosaline amesimama nyuma ya Inspekta na leso yake, akakifunga. Alikwenda akamletea kiti yeye mwenyewe.

Linah aliosha mikono. Alitandika kitambaa safi kwenye trei, akamtoa Mwalimu kutoka katika chupa kwa viganja viwili, akamlaza. Kile kisu kirefu kilikuwa kando. Alikichukua, akakisogeza mpaka mahali pake, na mkono ukaanza kutetemeka, ukatetemeka mpaka kisu kikagonga ukingo wa trei.

Rosaline aliinuka kitini. Alizunguka meza, akasimama nyuma ya daktari, akaweka mkono wake chini ya kiwiko chake na kukiinua kidogo.

"Hivi ndivyo alivyokushika?"

"Hivyo, Mama."

"Basi kata, mwanangu. Nimekushikilia."

Mkono ukatulia. Na Sajini Kipkemei, aliyekuwa mlangoni, akavua kofia yake, akaingia ndani akasimama karibu nao.